Jinsi ya kufungua FIR katika kituo cha polisi India, na la kufanya ukikataliwa

Ukiibiwa Pune, ukitapeliwa kodi ya chumba Bengaluru, au ukipigwa ukiwa umempeleka mgonjwa Chennai, karatasi unayoihitaji ni moja: FIR (First Information Report), yaani taarifa ya kwanza ya kosa inayoandikwa na polisi. Mtanzania ataifananisha na RB, Mkenya na namba ya OB, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kitu cha kulingana na OB kipo India pia, ni daftari la kila siku la kituo linaloitwa GD. Tamil Nadu kuna risiti ya CSR, na kwingine utapewa karatasi ya NCR, ya makosa ambayo polisi hawayapelelezi bila amri ya hakimu. Zote zina mhuri na namba, na mtu hutoka kituoni ameridhika, kumbe upelelezi haujaanza. FIR huuanzisha rasmi, na taarifa yake hufika kwa hakimu.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 utaratibu huu uko chini ya sheria mpya iitwayo BNSS, na makosa yenyewe yako kwenye BNS, kanuni mpya ya adhabu. Tukio la kabla ya tarehe hiyo bado huandikwa kwa vifungu vya kanuni ya adhabu ya zamani, IPC ya 1860.

Kwanza jua kosa lako liko upande gani

Sheria ya India inagawa makosa katika makundi mawili: yale ambayo polisi wanaweza kumkamata mtu bila hati ya hakimu, na yale ambayo hawawezi. FIR ni kwa kundi la kwanza tu. La pili huandikwa kwenye daftari chini ya kifungu cha 174 cha BNSS, kisha unaelekezwa kwa hakimu.

Mpaka kati ya makundi hayo ni mwembamba, na mara nyingi unategemea maneno uliyoyatumia. Kupigwa makofi bila jeraha kubwa kuko kundi la pili. Kuvunjwa mfupa ni jeraha kubwa, kundi la kwanza. Wizi wa kawaida ni kundi la kwanza, lakini mali ikiwa chini ya rupia 5,000 jedwali la sheria mpya linauweka kundi la pili. Kukwapuliwa simu mkononi ni kosa jingine kabisa, kifungu cha 304 cha BNS, nalo ni kundi la kwanza bila kujali bei ya simu. Kwa hiyo ukiandika "nimepoteza simu" kwa kuwa unaona haya kusema ulikwapuliwa, utapewa ripoti ya mali iliyopotea na hakuna atakayemtafuta mwizi. Andika kilichotokea hasa. Usipandishe bei ya mali wala kuongeza chumvi, maana kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha BNS, kifungo hadi mwaka mmoja au faini hadi rupia 10,000, au vyote viwili.

Andika maelezo kabla ya kwenda

Sheria inaruhusu useme kwa mdomo, askari aandike. Kwa mgeni asiyejua Kikannada au Kimarathi hiyo ni njia ya hatari. Nenda na ukurasa mmoja au miwili ya Kiingereza, nakala mbili, iliyoelekezwa kwa SHO, yaani mkuu wa kituo. Anza na tarehe, saa na mahali penye alama ya kutambulika: jina la barabara, kituo cha metro, duka la jirani. Fuata mpangilio wa tukio ulivyokuwa. Mhusika usiyemjua mweleze kwa umbo, mavazi, namba ya pikipiki hata kama ni nusu. Taja mashahidi, na kamera za CCTV ulizoziona karibu. Picha hizo hufutwa zenyewe baada ya muda, hivyo omba kwa maandishi zihifadhiwe.

Simu iliyoibwa iandikie IMEI yake, tarakimu 15. Utaikuta kwenye boksi au risiti. Bila namba hiyo huwezi kuifungia simu kupitia mfumo wa CEIR, ambao nao utakudai nakala ya ripoti ya polisi.

Kama zimepita siku kabla ya kuripoti, eleza sababu: ulikuwa umelazwa, ulikuwa ukitafuta mkalimani. Fomu ya FIR ina sehemu maalumu ya sababu za kuchelewa, na wakili wa mshtakiwa huanzia hapo.

Kituoni

"Hapa si eneo letu" si sababu ya kukurudisha. Kifungu cha 173 cha BNSS kinasema taarifa ipokelewe popote kosa lilipotendeka. Kituo kitaandika kinachoitwa Zero FIR, yenye namba sifuri, kisha kuihamishia kituo husika. Kama unaweza kufika kituo cha eneo lenyewe, nenda huko moja kwa moja, kwa sababu uhamisho hula siku.

Mwanamke anayeripoti ubakaji au shambulio la kingono lazima taarifa yake iandikwe na afisa wa kike. Askari anayekataa kuandika makosa ya aina hiyo mwenyewe anatenda kosa, kifungu cha 199 cha BNS, kifungo kisichopungua miezi sita.

Kwa makosa yenye adhabu ya kuanzia miaka mitatu lakini chini ya saba, polisi wanaweza kufanya uchunguzi wa awali kwa siku 14, kwa kibali cha afisa wa ngazi ya DSP (naibu mrakibu wa polisi) au zaidi. Ukiambiwa "tunachunguza kwanza", uliza tarehe ya kuanza na uiandike.

Kabla ya kusaini, taarifa isomwe mbele yako. Ikiwa kwa lugha usiyoijua, piga simu kwa mtu unayemwamini aisikilize. Kisha dai nakala, ni bure. Angalia iwe na namba ya FIR na mwaka, vifungu vya sheria, na jina la afisa mpelelezi. Pasipo vifungu, una risiti tu. Baadaye mpelelezi atakuhoji. Maelezo ya hatua hiyo kisheria hayasainiwi, na karatasi tupu usiisaini hata kwa heshima.

Wakikataa

Mwaka 2013, katika kesi ya Lalita Kumari, Mahakama ya Juu ilisema taarifa ikionyesha kosa la kundi la kwanza, polisi hawana hiari. Kulisoma hilo kwa sauti kaunta hakusaidii sana, karatasi husaidia. Acha nakala moja, omba mhuri wa kupokelewa kwenye ya pili. Wakikataa hata mhuri, tuma maelezo yaleyale kwa SP, mkuu wa polisi wa wilaya, au DCP, naibu kamishna wa polisi, kwenye miji mikubwa, kwa Speed Post ya posta ya India, na utunze risiti yenye namba ya kufuatilia.

Akikaa kimya, peleka ombi kwa hakimu chini ya kifungu cha 175(3) cha BNSS, likiambatana na hati ya kiapo, nakala ya maelezo na risiti ya posta. Wengi wanaangukia hapa: wanaruka hatua ya SP, na ombi linatupwa. Wanawake, watoto, watu wenye ulemavu na walio kizuizini wana haki ya wakili wa bure bila kuangalia kipato. Namba ya simu ya kuuomba msaada huo ni 15100.

Ukitapeliwa mtandaoni

Usianze kituoni. Piga 1930, namba ya taifa ya kuripoti utapeli wa mtandaoni, dakika hiyohiyo, fedha zizuiwe kabla hazijahama akaunti. Namba ya malalamiko utakayopewa si FIR. Taarifa ya kosa inaweza pia kutumwa kielektroniki, lakini lazima uisaini ndani ya siku tatu ndipo iingizwe.

Kwa wageni

Uraia si sharti la kufungua FIR. Mwaka 2000, katika kesi ya Chandrima Das, Mahakama ya Juu ilisema ulinzi wa uhai na uhuru chini ya ibara ya 21 ni wa kila mtu, si raia peke yake. Hata hivyo viza iliyoisha ni kosa linalojitegemea, na ukiingia kituoni nalo litaonekana. Zungumza na wakili kwanza.

Pasipoti ikiibwa pamoja na mkoba, hakikisha namba yake na ya viza zimo ndani ya FIR. Ubalozi utaitaka nakala hiyo kabla ya kukupa hati ya kusafiria, na FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, itaitaka kabla ya kibali cha kutoka. Ukiwa unarudi nyumbani, mwachie mpelelezi baruapepe: ndani ya siku 90 anatakiwa akujulishe upelelezi ulipofikia, na sheria inaruhusu afanye hivyo kielektroniki.