Somo: Kutafuta chanzo cha injini kugonga katika Corolla ya zamani

Somo hili linahusu injini ya petroli ya 5A-FE, ya lita 1.5, iliyofungwa katika Corolla nyingi za AE100 na AE110. Shabaha yake ni kujua kinachogonga kabla ya mtu yeyote kufungua injini, kwa kuwa injini nyingi hufunguliwa bure wakati kilichokuwa kikilia ni maunti (mpira unaoshikilia injini kwenye bodi) iliyokufa au bolti ya alternata iliyolegea. Anza kwa kukagua hivyo viwili.

Hatua ya 1: Oili. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, toa dipstiki. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza ndipo usikilize. Paka tone moja kwenye kidole ulitazame juani; ukiona chembe za chuma zinazometameta, usiiwashe tena injini hiyo.

Hatua ya 2: Baridi na moto. Iwashe asubuhi, kabla haijapata moto. Mlio unaofifia kadiri injini inavyopata moto mara nyingi ni wa pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika, au wa gasketi ya manifoldi ya eksozi inayovuja, ambayo huacha masizi meusi kwenye maungio. Mlio unaozidi injini ikishapata moto na oili kuwa nyepesi huelekeza kwenye beringi, yaani vyuma laini ambamo krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) huzunguka.

Hatua ya 3: Mwendo wa mlio. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) hulia polepole kuliko krenki, kwa sauti nyembamba inayosikika juu, kwenye kava ya valvu. Ikiwa ni hivyo, pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi; za kuingiza hewa huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25.

Hatua ya 4: Waya za plagi. Hapa usiwe na haraka. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyobanwa barabara kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia, kisha washa, pandisha mizunguko taratibu hadi karibu 2,000 kwa dakika, na uachie. Usishike waya injini ikiwa inazunguka. Rudia kwa kila silinda, bila kukawia, kwani petroli isiyoungua huharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Mlio ukififia kwenye silinda moja tu, beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukizidi, au ukigonga mara mbilimbili, shuku pini ya pistoni. Usipobadilika, na ukiwa mshindo mzito wa chini, fikiria beringi kuu za krenki.

Hatua ya 5: Presha. Fungua utoe swichi ya presha ya oili, kisha funga geji ya presha mahali pake. Injini ikiwa ya moto, presha isipungue kilopaskali 29 kwenye silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), na iwe kati ya 245 na 490 kwenye mizunguko 3,000.

Maswali ya wanachama

Swali: Habari za kazi, fundi. Langu hugonga nikipanda mlima kwa gia kubwa tu. Kwenye silensa liko kimya.

Jibu: Salama, ndugu. Huo kwa kawaida ni mlio wa petroli kuungua vibaya, si wa chuma kulika. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, pima taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) kwa taa yake, na iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Ikiwa sawa, shuku petroli hafifu au kaboni iliyoganda juu ya pistoni.

Swali: Niliambiwa niweke oili nzito na kweli mlio umepungua. Niendelee hivyo?

Jibu: Hapana. Mlio umepungua, lakini nafasi iliyolika ipo palepale, na oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi. Pima presha.

Swali: Nimegundua ni konrodi ya silinda ya tatu. Je, mkuu, nikibadilisha beringi peke yake inatosha?

Jibu: Inatosha endapo tu krenki haijachimbika. Shusha sampu (karai la oili chini ya injini), fungua kifuniko cha konrodi, upime shingo ya krenki kwa maikromita pande mbili tofauti; ikiwa imechubuka au imepoteza uduara, krenki itolewe ikachongwe, na beringi zitakazofungwa ziwe za saizi ya 0.25, yaani za krenki iliyopunguzwa milimita 0.25.