Deraya ya sponji kwa anayeanza

Ukijitengenezea deraya, yaani vazi la kivita la kuigizia, anza na bamba la kifua, si kofia. Kofia ina mikunjo mingi, itakuvunja moyo mapema. Mimi hutumia sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya mazoezi: milimita 10 kwa deraya, 5 kwa mapambo.

Vaa fulana kuukuu, jizungushie nailoni, mwenzako akufunge selotepu juu yake, kisha achore mistari na kukata taratibu. Hicho ndicho kiolezo chako cha kukatia sponji. Hakuna cha kupakua kitakachokukaa vizuri hivyo.

Wembe uwe mkali kweli, butu huchana sponji. Pasha kipande kwa hewa ya moto mpaka uso ung'ae, kikunje juu ya bakuli lililopinduliwa, kishikilie hadi kipoe.

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili. Subiri kama dakika 10, isinate tena kidoleni, ndipo ubandike kwa uangalifu: zikigusana, kuzibandua ni taabu. Fanyia kazi hii nje, tafadhali. Mvuke wake unadhuru.

Upanga? Bomba jembamba la plastiki katikati ya tabaka mbili za sponji, ncha iwe butu. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao mikono mitatu, maana sponji tupu hunywa rangi yote.