Nyasi zikigeuka njano, pima udongo kwanza

Nyasi za uani zikiwa njano licha ya kumwagiliwa vizuri, usikimbilie mbolea. Chukua bisibisi ndefu, uichomeke ardhini siku moja baada ya kumwagilia. Ikigoma kuingia hata sentimita 10, udongo umeshindiliwa: mizizi haipati hewa, na maji yanatuama juu badala ya kuzama. Nyumba mpya ndizo zinazoumia zaidi, maana malori ya kokoto yalipita hapohapo, kisha nyasi zikapandwa juu bila kulima.

Dawa yake ni kutoboa. Zamisha uma wa bustani mpaka mwisho wa meno, utikise kidogo, uchomoe, usogee kama sentimita 10, uendelee hivyo. Udongo uwe na unyevunyevu, si tope. Ukiutoboa ukiwa tope unazidi kuushindilia. Halafu tandaza mboji iliyochekechwa, nyembamba tu, ncha za majani zionekane, uifagie iingie kwenye matundu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, tafadhali, usimwage mchanga kidogo ukidhani utalainika. Mboji ndiyo inayoufungua. Wakati mzuri ni mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, kwa sababu ukoka hapo unakua kwa kasi na unaziba mapengo wenyewe.