Namna ya Kunufaika na Kozi ya Dansi ya Wawili Wawili

Kozi ya dansi ambayo uandikishaji wake hufungwa mapema ina faida ambayo darasa huria, ambalo mtu huingia kipindi chochote apendacho, halina: mwalimu anajua kila aliyemo alifundishwa nini wiki iliyopita, kwa hiyo halazimiki kuanza upya kila kipindi. Utaratibu huo huo ndio humgharimu mtoro. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba utaweza kuhudhuria vipindi vyote, na uulize iwapo somo ulilokosa linaweza kufidiwa katika kundi jingine la kiwango hicho. Amua pia kama utaongoza au utafuata, kisha ubaki upande huo hadi mwisho, kwa kuwa aghalabu nafasi hugawanywa kwa kulinganisha pande mbili.

Darasani, wachezaji kwa kawaida hubadilishana wenza kila baada ya dakika chache. Wapo wanaokuja na wapenzi wao na kukataa kutengana nao. Kwa maoni yangu, hao wanajinyima sehemu yenye mafunzo mengi zaidi. Chukua mzunguko wa kulia wa salsa, ambao anayeongoza huuashiria kwa kuinua mkono wake wa kushoto katika hesabu ya 1 hadi 3 kati ya midundo minane, na anayefuata akazunguka katika 5, 6 na 7. Mwenza aliyekuzoea atazunguka hata ishara ikichelewa, kwa sababu anajua kinachokuja. Usiyemzoea atabaki na hatua ya kawaida, na hapo ndipo utakapobaini kuwa mkono wako ulipanda wakati hesabu imeshafika 5. Anayefuata naye asikisie: asubiri ishara, hata kama zoezi limerudiwa mara nyingi.

Kusahihisha mwenza ni kazi ya mwalimu. Ukiumizwa, sema bila kusita, lakini zungumzia mwili wako: "Naomba usinibane vidole" inatosha.

Usiku ule ule, kabla hujalala, andika mfuatano wa hatua kwa maneno yako, kisha katikati ya wiki uzipitie ukiwa peke yako, kwanza kwa kuhesabu kwa sauti, halafu kwa muziki wa polepole. Mwalimu akiruhusu, rekodi marudio anayoyaonyesha mwishoni mwa kipindi. Video inayowaonyesha wanafunzi wenzako, ambao hawakuombwa ridhaa, haifai.

Kozi ikiisha, usione haya kurudia kiwango kile kile, hasa ukitaka kujifunza upande wa pili.