Kufunga GPS kwenye gari ili isidondoke na joto la Dar

Mjomba wangu ana Noah, na GPS aliyoletewa na mwanawe ilikuwa ikidondoka kila mchana gari likiegeshwa juani. Alishanunua stendi ya pili akidhani ya kwanza ni feki. Stendi hazikuwa na tatizo lolote. Haya ndiyo niliyomwelekeza, na yanafaa hata kwa simu, maana wengi wetu mjini hapa ramani tunaiangalia humo. Ile skrini iliyokuja na gari kutoka Japani iache ilivyo: ramani yake ni ya Japani.

Hatua ya 1: Mahali

Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, usipime ukiwa umesimama mlangoni. Skrini uisome kwa kushusha macho tu, bila kugeuza kichwa, na isikuzibie barabara. Mimi napenda kushoto kwa usukani, chini kabisa ya kioo cha mbele. Wengi huchagua kona ya kulia, karibu na mlango wa dereva. Panasomeka vizuri, lakini ukiwa kwenye foleni ya Buguruni umeshusha kioo, kibaka hana kazi: ananyoosha mkono tu. Wenye Vitz na IST za toleo la kwanza, mita zenu ziko katikati ya dashibodi, kwa hiyo angalieni msizibe spidi.

Usibandike kitu juu ya kifuniko chenye maandishi SRS AIRBAG. Chini yake kuna mfuko wa hewa, nao hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na chochote kilichokaa juu yake kitamrukia abiria usoni. Angalia na nguzo za pembeni mwa kioo, baadhi ya magari yana mifuko huko pia.

Jambo lingine ni tinti. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, kwa hiyo mawimbi yanafika hapa yakiwa dhaifu sana. Tinti yenye chembe za metali huyapunguza zaidi. Kaa nayo mbali.

Hatua ya 2: Stendi

Nunua yenye shingo fupi. Zile za shingo ndefu ya kukunja wanazopitisha machinga kwenye foleni hucheza kila tuta, na jinsi kifaa kinavyokaa mbali na shina ndivyo kila mtikisiko unavyoling'oa. Za sumaku sizitaki. Barabara ya vumbi yenye makorongo haziiwezi. Za kubana kwenye tundu la AC nazikubali kwa simu tu, kwa sababu ubaridi unaisaidia isichemke. GPS nzito itavunja vile vipezi vya plastiki.

Hatua ya 3: Kusafisha na kubandika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Vijana wa kuosha magari wakimaliza hupaka dashibodi polishi ing'ae. Polishi nyingi zina silikoni, na silikoni haishikani na gundi wala mpira. Halafu kitambaa kilekile ndicho wanachofutia kioo kwa ndani. Unaona kioo kinameremeta, kumbe kina utando wa mafuta. Pitisha kidole kikavu: kikiteleza kimya, bado ni kichafu. Kikilia, kimetakata.

Nunua spiriti duka la dawa na utumie kitambaa cha pamba kutoka nyumbani, siyo cha waosha magari. Futa mara moja, geuza upande safi, futa tena, acha pakauke. Futa na kile kikombe cha mpira cha stendi kinachonyonya kioo. Petroli na thina hapana, vinakula plastiki. Na gari likienda kuoshwa, waambie mapema: dashibodi msipake kitu.

Bandika asubuhi kabla jua halijapanda. Mchana kioo kinaunguza na mpira unakuwa laini, unashika vibaya. Kandamiza katikati ya kikombe kwa kidole gumba ukisukuma hewa itoke kando, ndipo ufunge kile kiwiko cha kunyonya. Sasa shuka, zunguka nje, kitazame kikombe kupitia kioo. Ukiona mapovu au mstari wa hewa, bandua urudie. Hewa hiyo ndogo ikipata joto la saa saba inatanuka, mpira unalegea, kifaa kinaanguka. Kulamba kikombe kwa mate hakusaidii, mate yanakauka. Kama kikombe kimejikunja kwa kukaa sana, kitumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, kitarudi umbo lake, kisha kikaushe kabisa.

Kwenye dashibodi kikombe cha kawaida hakishiki vizuri kwa sababu plastiki yake ina vipele. Hapo unabandika kwanza kisahani cha plastiki, halafu kikombe kinanyonya kisahani. Gundi ya pande mbili iwe ya povu, mfano 3M VHB, na sehemu iwe bapa. Gundi hii hufikia kama nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Kwa hiyo bandika kisahani peke yake, usikitundike kitu.

"Siku tatu?" mjomba akaniuliza. "Kesho mimi naenda Kibaha."

"Basi kesho GPS ikae mfukoni, mjomba."

Hatua ya 4: Waya

Upitishe kando ya dashibodi hadi kwenye soketi ya kiberiti, ukiuchomeka kwenye mianya. Usikatize mbele ya usukani wala karibu na gia. Chaja za bei chee huleta makelele redioni, nunua ya maana.

Hatua ya 5: Jaribio

Pita barabara yenye matuta, kisha kaza nati ya kifundo. Plastiki mpya hulegea mwanzoni. Ukipaki, chomoa kifaa na ufute alama ya duara inayobaki kwenye kioo, maana kibaka akiiona anajua kuna kitu chini ya kiti.