Namna ya Kusomesha Kuinuka kwa Madikteta wa 1919–1939 katika Skuli za Pemba

Mwalimu achore ubaoni safu tatu, yaani Italia, Ujerumani na Japani, na chini ya kila safu aandike swali moja: nani, miongoni mwa waliokuwa na mamlaka halali, aliyewafungulia mlango hao waliotwaa madaraka? Vitabu vingi vya marejeo huorodhesha Mkataba wa Versailles (wa amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza), mdororo wa uchumi na hofu ya ukomunisti kana kwamba sababu hizo zilitembea zenyewe hadi ikulu.

Kwa Italia, maelezo mafupi yanatosha. Chama cha Mussolini kilipata viti 35 tu katika uchaguzi wa 1921, na wafuasi wake wenye mashati meusi walipoelekea Roma mwezi wa Oktoba 1922, serikali ilitayarisha amri ya kutumia jeshi, lakini Mfalme Victor Emmanuel III alikataa kuitia saini. Mussolini aliitwa kuunda serikali, akasafiri kutoka Milan kwa treni.

Ujerumani ndiyo inayohitaji muda. Waandike wanafunzi viti vya chama cha Nazi bungeni: 12 mwaka 1928, 107 mwaka 1930, 230 mwezi wa Julai 1932, kisha 196 mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Kupanda kwake wataeleza wenyewe kwa mdororo na ukosefu wa kazi. Waachwe wahangaike kidogo na ile namba ya mwisho, kwa sababu chama kilikuwa kimeanza kushuka pale Papen, Chansela wa zamani, na wenzake walipomshawishi Rais Hindenburg amteue Hitler, kiongozi wa chama hicho, kuwa Chansela (mkuu wa serikali) tarehe 30 Januari 1933, wakidhani watamdhibiti. Jengo la bunge liliungua tarehe 27 Februari, na kesho yake amri ikafuta uhuru wa raia. Tarehe 23 Machi, huku wabunge wa kikomunisti wakiwa wamekamatwa au wamekimbia, wabunge 444 walipiga kura ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila bunge. 94 walikataa, wote wa chama cha Kisoshalisti.

Kwa Japani, mwanafunzi akatazwe kumtafuta “Hitler wa Japani”. Septemba 1931 maofisa wa jeshi walilipua reli karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina na kuiteka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, bila idhini ya serikali yao. Tarehe 15 Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la majini walimuua Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi, na serikali za vyama zikakoma.

Hapo ndipo pa kuingiza karafuu. Mdororo huohuo uliporomosha bei ya karafuu na kuwatia madeni wakulima wa Pemba, na Marekani, iliyoathirika vibaya, ilimchagua Roosevelt kuwa Rais, si dikteta, mwaka 1932. Basi dhiki peke yake haimleti dikteta, na jibu la mtihani linaloishia kwenye dhiki, kwa maoni yangu, halistahili zaidi ya nusu ya alama.

Kazi ya nyumbani itoke karibu. Bandari za Benadir katika pwani ya Somalia, Mogadishu ikiwamo, zilikodishwa kwa Italia na Sultani wa Zanzibar mwaka 1892, na Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia kutoka Eritrea na Somalia. Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo lakini likayaacha mafuta nje ya vikwazo hivyo. Mwanafunzi aeleze, kwa ukurasa mmoja, nani safari hii aliyeuacha mlango wazi.