Wino unaoruka kweli ndani ya After Effects
After Effects ni programu ya kutengeneza michoro inayosogea kwenye video. Ili kuchora humo wino unaoruka, mimi huanza na wino halisi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uliangalie kwa karibu: bonge katikati, miiba pembeni, vitone vilivyokimbia mbali.

Sasa, ndani ya programu, chora miduara myeusi, yote kwenye leya (tabaka la mchoro) moja. Itie ukungu kwa efekti ya Gaussian Blur, kisha efekti ya Simple Choker ikaze kingo. Miduara inayokaribiana itashikana kama majimaji. Turbulent Displace, efekti ya kupindapinda umbo, iguse kidogo tu, ukizidisha utapata moshi.

Ila roho ya kazi ni muda. Kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kwa sekunde, mruko wangu huisha ndani ya fremu 4, halafu wino hutambaa polepole sekunde nzima. Wengi huuendesha kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo unapokufa.